Je, nimvunjie simu mwanangu?

Swali: Assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, yuko Kidato cha Kwanza. Baba yake yuko Muscat kikazi, huu mwaka wa pili. Miezi saba nyuma alimpa mtu anayekuja likizo amletee simu janja. Tokea hapo mtoto ni mchezo wa Free Fire na video za TikTok mpaka saa 8 za usiku. Skuli anasinzia, matokeo yameporomoka, chuoni kusoma Qur-ani haendi mpaka nimburure, na mpira aliokuwa akiupenda kauacha. Mwezi uliopita nilimnyang'anya simu. Alipiga mlango teke ukapasuka, akakaa siku mbili hali wala hasemi na mtu, nikamrudishia. Bibi yake anasema kaingiwa na jini. Jirani ananambia niivunje simu yenyewe tupumzike. Ami yake wa Unguja anataka akakae kwake. Usiku nalia peke yangu. Haya ni maradhi? Nifanye nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, mama. Simu usiivunje, na mtoto usimpakie boti kwenda Unguja kabla hujamaliza kusoma haya. Kwa uliyoyaandika, sioni mtoto aliyeharibika. Naona mtoto asiyelala na aliyemkosa baba yake, na mkononi ana chombo kilichotengenezwa na watu hodari wa kazi yao ili asikiweke chini. Ukijua kipi kinamshika na kwa nini, utajua pia pa kuanzia.

Umeuliza kama ni maradhi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na humo uraibu wa michezo ya kidijitali umewekwa kundi moja na uraibu wa kamari. Uraibu wa intaneti kwa jumla yake haumo katika orodha hiyo, ingawa wataalamu wamekuwa wakiujadili tangu miaka ya 1990, pale mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alipotunga masuali ya kuupima. Daktari haangalii idadi ya saa peke yake. Anaangalia kama mtoto ameshindwa kujizuia, kama mchezo umepanda juu ya kila kitu kingine katika maisha yake, na kama anaendelea nao ilhali anaona unamuumiza. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kiasi cha miezi 12 na imevuruga masomo, afya au maisha ya nyumbani. Mwanao ana dalili, na sizifanyi ndogo. Lakini ana miezi saba tu na simu hiyo, na kuna mambo mengine ndani ya habari yako yanayoweza kuleta dalili hizo hizo. Kwa hiyo mimi simpi jina la mraibu, na wewe nakuomba usimwite hivyo mbele ya ndugu zake wala wenzake. Mtoto wa miaka 13 hulishika jina analopewa na wakubwa, na akishalishika ni kazi kumtoa nalo.

Kuna jambo ambalo sisi wazee hatupendi kulisikia. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza. Walipotafuta ni kiasi gani cha tofauti ya furaha na huzuni baina ya vijana kinaelezwa na matumizi ya vifaa vya kidijitali, hawakupata zaidi ya asilimia 0.4. Usilichukulie hilo kwamba simu haina madhara. Lichukulie kwamba kwa vijana walio wengi simu peke yake si jibu la kwa nini mtoto hana raha, na ukiishughulikia simu tu ukaliacha lililo nyuma yake, utakuwa umefunga dirisha na mlango uko wazi. Orben na wenzake walirudi tena mwaka 2022 wakaangalia umri. Kwa wasichana wa miaka 11 hadi 13, na wavulana wa miaka 14 na 15, kutumia sana mitandao ya kijamii kulifuatiwa na kushuka kwa kuridhika na maisha mwaka mmoja baadaye. Takwimu hizo ni za Uingereza. Hata hivyo mwanao anakaribia umri huo, na kama ana dada wa miaka 11 au 12 nyumbani, yeye keshafika. Ndiyo maana nasema hili ni jambo la kushughulikia sasa, kwa utulivu, wala si la kungojea mtoto akue liondoke lenyewe.

Sasa tuje kwenye usiku, maana hapo ndipo penye ufunguo wa mengi uliyoyaandika.

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 mpaka 10 kwa siku. Mwanao anaiweka simu saa 8 usiku. Akiamshwa saa 11 kwa sala ya Alfajiri na kujitayarisha na skuli, amelala kwa saa 3 tu. Hata akiwa zamu ya mchana akarudi kitandani baada ya kusali, usingizi wa jua limeshatoka, nyumba ina kelele na wadogo wanapita, haufidii ule wa usiku. Miezi saba ya usingizi wa namna hiyo humfanya mtu mzima akose subira, asahau alichoambiwa sasa hivi, asiweze kukaa na kitabu, akasirike kwa neno dogo na aone kila kitu hakina maana. Mtoto anayebalehe humzidi, kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Sehemu ya mbele, inayomsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo, haikamiliki mpaka miaka ya 20 na kitu. Sehemu kubwa ya hiyo tabia mpya unayoiona kwa mwanao, na huenda hata lile teke la mlango, ni ya mtoto aliyechoka sana.

Na kubalehe kwenyewe kunaisogeza mbele saa ya mwili. Usingizi wa kijana huchelewa kuja kuliko wa mtoto mdogo, hata bila simu. Mwanga wa kioo karibu na macho unauchelewesha zaidi, na mchezo wenye mapigano unampandisha moyo mbio wakati ambapo mwili ungepaswa kupoa. Kwa hiyo akikwambia saa 3 usiku kwamba hana usingizi, hakudanganyi. Usimgombe kwa hilo. Mpe nafasi ya kulala taratibu: taa hafifu, kuoga, maneno mawili matatu na wewe.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni usiku tu. Mchana uache kwanza kama ulivyo. Simu isilale chumbani kwake. Ichajiwe chumbani kwako, na yako iwekwe hapo hapo pamoja nayo, kwa sababu sheria inayomhusu yeye peke yake ataiona dhuluma. Kama anasema anaihitaji imuamshe, mnunulie saa ya mezani yenye kengele. Angalia pia kama amekuwa akinunua bando la usiku. Wengi hulipenda kwa kuwa ni rahisi, na mtoto mwenye bando linalokwisha alfajiri ataona hasara kulala. Mnunulie wewe, bando dogo la mchana. Anza na saa 4 usiku, kisha baada ya siku chache saa 3 na nusu, halafu saa 3. Ukitaka kumtoa saa 8 umlete saa 3 kwa siku moja, mtagombana bure.

Namna ya kumtoa kwenye mchezo nayo ina adabu yake, na hapa wazazi wengi hukosea bila kujua. Mechi ya Free Fire ni ya dakika kama kumi. Wachezaji 50 wanashushwa kisiwani, na mara nyingi mtoto anacheza kwenye timu ya wanne. Ukimnyang'anya simu katikati, wenzake watatu wanabaki pungufu, na kesho skuli watamwandama. Kwake yeye umemfedhehesha mbele ya watu. Mwambie mapema, "Hii ya mwisho, ukimaliza nipe." Kisha kaa karibu na umngoje amalize. Utashangaa ugomvi utakavyopungua kwa hilo tu. TikTok ni taabu zaidi, kwa sababu haina mwisho wa kungojea. Video moja ikimaliza nyingine imeshaanza, na hajui ipi itamchekesha na ipi itamchosha. Kutojua huko ndiko kunakomshika. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliliona hilo kwa ndege miaka mingi kabla ya simu hizi: anayepewa punje mara moja moja, bila kujua lini, hudonoa kuliko anayepewa kila mara. Kwa TikTok weka saa, usiweke idadi ya video.

Siku za mwanzo atakuwa mkali zaidi kuliko alivyo sasa. Nakwambia mapema usije ukakata tamaa siku ya tatu. Mtoto aliyezoea kuwa akilia sana anarudishiwa, atalia zaidi ya pale kabla ya kuacha, na mwezi uliopita aliona kwamba siku mbili za kugoma kula zilimrudishia simu. Mara hii simu hajanyang'anywa, anayo mchana, kwa hiyo huna haja ya kumrudishia kitu. Weka chakula chake, kifunike, mwambie kipo, kisha usizungumze zaidi. Akivunja kitu, subiri atulie, halafu atasaidia kukitengeneza kwa mkono wake. Usimpige. Kipigo kitamfundisha kuficha, na mtoto anayeficha simu hutamfikia tena.

Hata serikali zimejaribu njia ya kufunga moja kwa moja. Korea Kusini ilikuwa na sheria tangu 2011 iliyowazuia walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Mwaka 2021 ikaamua kuifuta, kwani ililenga kompyuta na watoto walikuwa wameshahamia kwenye simu. Australia nayo tangu Desemba 2025 imewazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Siwalaumu; kampuni hizi zinahitaji kubanwa. Ila hapo nyumbani kwako ukiivunja hii simu, ataomba ya rafiki, au atakwenda kwenye kibanda cha gemu usichokijua, na wewe utakuwa umepoteza nafasi ya kukaa naye mezani.

Kuna sababu nyingine ya kutoivunja, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi katika barua yako. Simu hiyo imetoka kwa baba yake. Mtoto alikuwa na miaka 11 au 12 baba alipoondoka, umri ambao mvulana anaanza kumwangalia baba anavyotembea, anavyokaa na watu, anavyosali. Akaondoka. Kisha kikaja kitu kutoka kwake. Sijui kama mwanao mwenyewe analijua hili, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba unapomwambia "simu hii ni mbaya", yeye anasikia kitu kingine kabisa. Pemba na Unguja nyumba nyingi zinaishi hivi, baba au kaka yuko Oman au Dubai, riziki inakuja, na watoto wanaambiwa washukuru. Kushukuru hakumzuii mtoto kumkosa mtu. Na mtoto wa kiume hapa kwetu haambiwi alie. Hukasirika badala yake. Kwa vijana huzuni nzito mara nyingi haionekani kwa machozi, huonekana kwa hasira na kujitenga.

Kwa hiyo zungumza na baba yake, wewe na yeye kwanza, mtoto asiwepo. Mwambie yote, hata ya mlango, lakini usimwambie kwa kumlaumu kwamba kaleta simu. Alileta kwa mapenzi. Muombe mambo mawili. Kwanza, sheria ya usiku aiseme yeye kwa sauti yake, ili mtoto ajue imetoka kwa wote wawili. La pili, apange siku na saa ya kumpigia mwanawe, mtoto peke yake, si ile simu inayozungushwa nyumba nzima kila mtu akasalimia na kumaliza. Muscat wako mbele yetu saa moja tu, kwa hiyo baada ya Isha ya kwetu yeye bado yuko macho. Na asianze na masomo. Amuulize huo mchezo unachezwaje, nani mkali katika timu yake, amewahi kuwa wa mwisho kubaki kisiwani? Mtoto ambaye baba yake anamsikiliza robo saa juu ya kitu anachokipenda, kesho atamsikiliza juu ya hesabati.

Mpira nao usiuache upite. Umesema aliupenda, kauacha. Aliuacha lini hasa, kabla ya simu au baada? Kama kabla, jambo fulani lilitokea uwanjani au skuli: kadhihakiwa, kapigwa, kafukuzwa timu, au yeye anamuogopa mtu mzima fulani. Nenda skuli uonane na mwalimu wa darasa, umuulize anakaa na nani na nani anamsumbua. Hilo la mtu mzima nalisema makusudi. Kwenye michezo na mitandao hii kuna watu wanaojifanya watoto, wanawapa watoto vocha na zawadi za ndani ya mchezo, halafu wanawaomba picha. Ukiona anashtuka simu inapolia, anaigeuza unapoingia, au ana pesa na vitu visivyojulikana vimetoka wapi, usimfokee. Mwambie kwamba lolote lililotokea si kosa lake na hutampokonya simu kwa kusema ukweli. Watoto wengi hunyamaza kwa hofu hiyo hiyo. Usifute ujumbe, huo ni ushahidi. Piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo na inafanya kazi Zanzibar pia, au nenda kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto tangu 2011, na mtoto wa kiume analindwa nayo sawa na wa kike.

Kuhusu bibi yake: mheshimu, na msomeeni mtoto. Qur-ani na dua ndani ya nyumba ni utulivu, na mtoto mwenye hofu hutulizwa na mkono wa bibi kichwani. Ninachokuomba ni kwamba mtu yeyote asimfunge, asimchape, asimfukize moshi akakosa pumzi, wala asimkeshe usiku kwa jina la kumtibu, maana usingizi ndio anaouhitaji. Na kusomewa kusikuzuie kumpeleka hospitali ikihitajika.

Na itahitajika lini? Akisema anataka kufa au afadhali asingezaliwa, akijikata au kujiumiza, akisikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, akigoma tena kula kabisa, hata kile ulichomwekea, nenda siku hiyo hiyo. Vilevile kama baada ya wiki mbili za kulala vizuri bado yuko vile vile, hana hamu ya chochote, haogi, hasemi na mtu, basi nyuma ya simu kunaweza kuwa na sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, na sonona inatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo hutakuwa mzazi wa kwanza kufika mlangoni hapo. Anza Hospitali ya Wete, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Wakiona ni lazima, watampa rufaa. Najua Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili huko Unguja, jina lake linawatisha watu, wengine wanaona ukitajwa nalo umeshapewa wazimu. Kumpeleka mtoto azungumze na mtaalamu si hivyo, na wala mtaani hawana haki ya kujua.

Limebaki la ami. Nia yake ni njema, lakini mtoto aliyeondokewa na baba, ukimuondoa kwa mama kwa sababu ya kosa, atajua ametupwa na wote. Zaidi ya hayo mjini Unguja intaneti haipungui. Mwambie ami aje yeye Pemba likizo ijayo, akae wiki nzima. Asije na mawaidha. Amchukue uwanja wa Gombani wakaangalie mechi, waende pwani, wacheze bao ukumbini, amwambie habari za baba yake alipokuwa na miaka 13. Kama mtoto mwenyewe ataomba baadaye kwenda kutembea Unguja kwa siku chache, mruhusu.

Usiku wa leo uache kama ulivyo. Kesho baada ya Alasiri, ukiwa umeshazungumza na baba yake na mtoto ameshakula, kaa naye na umwambie kwa ufupi: "Mwanangu, sikuchukulii simu. Nataka ulale. Baba yako na mimi tumekubaliana usiku zikae kwangu zote mbili, yako na yangu. Nambie wewe unaona tuanze saa ngapi." Akisema saa 5, mwambie saa 4, na mkubaliane hapo.